Karatasi za ushuhuda: gumzo la ukoo wetu, mtaa wa Walukuba, Jinja, Uganda

*Jumapili jioni*

Mama Ester: Bwana asifiwe wapendwa. Mlioko mbali, leo kanisani kumetangazwa ratiba mpya. Kuanzia mwezi ujao ibada inaanza saa tatu kamili na saa tano watu wawe nje. Nyimba zitaonyeshwa ukutani kwa projekta. Kinanda kitapigwa. Na anayetaka kushuhudia ataandika kwenye karatasi, ampe mzee wa kanisa kabla ya Jumatano, halafu mchungaji achague tatu.

Norah Tororo: Karatasi?

Mama Ester: Karatasi, dada. Na jina lako juu.

Norah Tororo: Ushuhuda wa sisi ndugu wa uamsho tangu lini ukaombewa kibali? Mtu akiguswa anasimama. Mimi niliokoka nikiwa nimeshika mtoto mgongoni, sikujua asubuhi ile kwamba nitasimama.

Peter Busia: Saa tano ni vizuri jamani. Watu wa sokoni wamelia sana juu ya ibada ya kutoka saa saba. Anayeuza nyanya Jumapili akifika saa nane mnunuzi ameshaondoka.

Mama Ester: Peter, saa sina neno nazo. Hata kinanda sina neno nacho. Mimi nimeshikwa na hizo karatasi.

Mzee Yokana: Nimesoma. Kesho nitaandika, macho yamechoka.

*Jumatatu*

Mzee Yokana: Wanangu na ndugu zangu, amani iwe kwenu. Mimi ni mmoja wa wazee waliosema hapana kwenye kikao, na nataka mjue kwa nini, maana naambiwa huko nje kwamba sisi wazee tunapenda ukongwe. Baba yetu alikuja Jinja wakati bwawa la Owen Falls linajengwa, lile lililofunguliwa mwaka 1954. Hapa mtaani Walukuba walipangwa watu wa kila upande: Waacholi, Wasamia, Wajaluo, Walugbara, Wasoga wenyewe. Zamu ya kiwandani ikiisha walikuwa wanakutana kwenye veranda kusali. Ndiyo maana ibada yetu ni ya Kiswahili hadi leo. Mlugbara na Msamia wangetubiana kwa lugha gani nyingine? Na utaratibu wao ulikuwa huu: wimbo, Neno, kisha mtu anasimama mwenyewe anaweka maisha yake nuruni mbele ya wenzake. 1 Yohana 1:7. Hakuna aliyepangiwa. Ukitoa hiyo, kinachobaki ni mkutano wenye maombi mwanzo na mwisho.

Moses: Shikamoo Mjomba. Naomba niseme kwa heshima, mimi ndiye nitakayepiga kinanda.

Mzee Yokana: Marahaba. Sema.

Moses: Ni wewe uliyetusimulia juu ya mwaka 1941. Wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha uchungaji cha Bishop Tucker pale Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wanaamka alfajiri sana kusali, wanahubiria wenzao hadi walimu wao. Wakaambiwa wanavuruga utaratibu wa chuo. Leo watu hao tunawaita baba zetu wa imani. Kwa hiyo utaratibu tunaoulinda ulianza kwa watu waliovunja utaratibu. Sisi vijana tukiomba kinanda tunaonekana tumeleta dunia kanisani.

Peter Busia: Hapo Moses amesema.

Moses: Na mambo mengine yameshabadilika tukanyamaza. Kikombe kimoja cha meza ya Bwana, si tulisema hakitaachwa kamwe? Machi 2020 makanisa yakafungwa, mwezi wa tisa yakafunguliwa kwa watu 70 tu, na tuliporudi kila mtu alipewa kikombe chake kidogo. Hadi leo. Sijasikia mtu akisema damu ya Yesu imepungua nguvu.

Mzee Yokana: Umesema kweli kuhusu kikombe, na umesema kweli kuhusu 1941. Lakini jiulize walifukuzwa kwa ajili ya nini. Hawakuamka gizani kutafuta sauti tamu. Walikuwa wanasema dhambi kwa jina lake na kuita watu watubu, na wakubwa wakaona aibu. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Kampala mwaka 1929 walikaa na Biblia wakaungama upungufu wao, mweusi na mzungu, zama ambazo mzungu hakuwa anaungama lolote mbele ya mwafrika. Moto wa uamsho wetu ulitoka hapo. Mabadiliko yale yalifungua vinywa vya watu. Haya ya karatasi yanavifunga. Yote mawili yaitwe mabadiliko, sawa, lakini hayaendi njia moja.

Mama Ester: Kaka, hapo umenena.

Norah Tororo: Amina.

Moses: Basi Mjomba kumbe tuko pamoja kwenye karatasi. Mimi pia sizitaki. Nilichoomba mimi ni kinanda.

Mzee Yokana: Kinanda tutakifikia.

Peter Busia: Kuna mwenye namba ya yule fundi pampu wa Masese? Samahani kwa kuingilia, maji yamefika gotini dukani.

Ester: Nimekutumia pembeni, Mjomba.

Mama Ester: Nirudi kwenye karatasi. Wengi mnamkumbuka yule mwashi aliyejengea jirani yetu wa nyumba za chini. Alisimama Jumapili moja, hakuna aliyejua atasema nini, akasema saruji ya nyumba ile aliiba mifuko minne akaiuza, ukuta wa jikoni ukajengwa kwa mchanga mwingi. Mwenye nyumba alikuwa benchi la tatu. Nilimwona akishika ubao wa benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili. Kanisa zima kimya. Mwashi akasema, ndugu, nitalipa, na ule ukuta nitaubomoa niujenge upya kwa mikono yangu. Na alifanya hivyo. Alilipa kidogo kidogo hadi ikaisha. Mpaka leo wale wawili wanakula Krismasi pamoja. Sasa niambieni: angeandika hayo kwenye karatasi siku ya Jumatano, nani angemruhusu asome? Angeitwa ofisini, wangemwambia mambo ya pesa mmalize huko nje. Na mwenye nyumba asingeona uso wa mtu aliyevunjika.

Peter Busia: Nilikuwepo siku hiyo. Kweli kabisa.

Norah Tororo: Na huko ndiko watu walikorudisha baiskeli za kampuni na kulipa kodi walizokwepa. Mama alitusimulia sana habari hizo.

*Jumanne usiku*

Ritah: Habari za jioni wote. Nimekaa kimya tangu Jumapili. Naona mnausifu ushuhuda wa wazi kama kwamba hamjawahi kuona upande wake mwingine.

Mama Ester: Sema mwanangu.

Ritah: Nilikuwa na miaka 16. Mama mmoja alisimama, akashuhudia vizuri tu mwanzoni, halafu akasema anaomba kanisa limkumbuke dada yetu Ritah ambaye shetani amemwangusha. Nilikuwa sijamwambia hata mama yangu. Nilijua kwamba mama amejua kwa sababu nilimwona akigeuza kichwa kunitafuta. Baada ya hapo nikaambiwa nikae benchi la nyuma mpaka nitubu. Nilikaa pale miezi mitatu, nguo za gomesi za mama zangu zote zinanipa mgongo. Kisha nikaja Bweyogerere, karibu na Kampala. Hapa ninaposali kuna kinanda na gitaa na hakuna aliyewahi kutaja jina langu bila mimi kutaka. Kwa hiyo mchungaji mpya akisema karatasi, mimi naelewa anachokimbia. Pengine na yeye amesikia kisa kama changu.

Norah Tororo: Ritah mwanangu.

Ester: Dada pole. Nilikuwa mdogo, nilijua tu umeenda Kampala kusoma.

Ritah: Ndivyo mlivyoambiwa.

Moses: 🙏🏾

*Jumatano*

Mzee Yokana: Ritah, nimesoma ulichoandika mara kadhaa kabla ya kujibu. Jambo ulilofanyiwa halikuwa ushuhuda. Wale ndugu wa kwanza walikuwa na sheria moja kali kuliko zote na naona imesahaulika: unasimama kusema dhambi yako, si ya mwenzako. Ukimtaja mwingine unakatishwa hapo hapo, tunaanzisha wimbo, unakaa. Nimeona kwa macho yangu mzee mkubwa wa timu ya viongozi wa uamsho akikatishwa hivyo, katikati ya sentensi, kwa kumtaja mkewe tu. Kwa nini siku yako hakuna aliyeanzisha wimbo, hilo ni swali nitakalolipeleka kwenye kikao kesho. Kule kuwaweka watu benchi la nyuma nako hakukuwako mwanzo. Kuliingia baadaye, miaka ya 1970, wakati ndugu walipogawanyika na baadhi yao kukaza kila kitu: madeni, mavazi, nywele. Ukali ule sisi tuliupokea tukadhani ndio uamsho wenyewe.

Ritah: Asante Baba Mkubwa. Sikuwa najua kwamba kulikuwa na sheria hiyo.

Mama Ester: Hata mimi niliyekulia pale sikuijua hivyo, kaka. Inabidi isemwe mbele ya wote, tena kila Jumapili kabla ya ushuhuda kuanza.

Peter Busia: Na saa je? Msisahau watu wa soko. Ushuhuda wazi ni sawa, lakini mmoja asihubiri nusu saa akisingizia anashuhudia.

Mzee Yokana: Hilo Peter lina haki. Ndugu walikuwa wanasema mafupi. Aliyetubu kweli hana maneno mengi.

Ester: Jajja, bibi yetu, ameniambia niandike, nimemsomea yote tangu Jumapili. Naandika kama anavyosema: "Kinanda kipigwe. Masikio yangu hayasikii vizuri, mtu akianzisha wimbo kwa sauti ndogo wenzangu wanafika ubeti wa pili mimi bado sijajua ni wimbo gani. Kinanda nitakisikia. Lakini ule ukuta wa maneno unaninyima wimbo. Juzi walipoujaribu waliruka ubeti wa tatu, mimi nikauimba kwa sababu ndio naoujua, nikajikuta niko peke yangu kanisa zima, wao wameshaingia kwenye kiitikio. Nilijisikia kama mgeni. Nyimba zile sikuzisoma, nilifundishwa kwa mdomo na wanawake wa veranda, na ubeti wa tatu ndio wenye msalaba. Na karatasi, mimi ataniandikia nani? Yule atakayeniandikia ndiye atakayekuwa ameshuhudia."

Norah Tororo: Mama ameongea. Msalimie, mwambie Jumamosi nitakuja na unga wa mtama.

Moses: Jajja nisamehe, mimi ndiye nilikuwa kwenye kompyuta siku ya jaribio. Beti zitawekwa zote, nitaanza leo jioni. Nina vitabu viwili vya zamani, kimoja kina kurasa zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, nitanakili humo.

Ester: Anasema usinakili, njoo akuimbie. Kuna maneno yaliyochapwa vibaya kwenye kitabu.

Moses: Nakuja saa kumi na moja.

Ritah: Jajja anataka kinanda! Baba Mkubwa umesikia?

Mzee Yokana: Nimesikia. Mama yangu nampa heshima yake. Mimi bado nakikataa, na si kwa ukaidi. Nimeona makanisa mengi hapa Jinja, kinanda kikiingia hakikai pembeni. Kinapigwa mtu akiomba, kinapigwa mtu akilia, mpaka hujui kama unalia kwa sababu ya dhambi au kwa sababu ya muziki. Penye toba pawe na kimya. Moses, wewe unaweza kuniahidi hicho kimya?

Moses: Mjomba, naweza kuahidi kwa mikono yangu mimi. Nikiacha kupiga, nimeacha. Atakayekuja baada yangu siwezi kumsemea.

Mzee Yokana: Ndiyo hofu yangu hasa, huyo wa baada yako.

Mama Ester: Kaka, basi iandikwe kwenye utaratibu: ushuhuda ukianza, kinanda kinafunikwa kitambaa mpaka uishe. Kama tunavyofunika meza.

Mzee Yokana: Nitalifikiria. Sijasema ndiyo.

Peter Busia: Kikao ni saa ngapi?

Mzee Yokana: Kesho saa kumi, kwenye chumba cha nyuma. Nitasema ushuhuda ubaki wazi, mtu aseme yake tu, anayemtaja mwingine akatishwe, na benchi la nyuma lifutwe. Saa tano sitaipinga. Mchungaji ni kijana mwenye nia njema, nitamweleza taratibu. Ritah, swali moja. Naweza kusimulia yaliyokupata? Wazee wengine hawatashtuka mpaka wasikie.

Ritah: Simulia, lakini usitaje jina. Mtoto wangu anakuja huko likizo na ana marafiki pale.

Mzee Yokana: Sitalitaja.

Norah Tororo: Na huyo mama aliyesimama siku ile, yuko hai?

Mama Ester: Yuko, dada. Yumo kwenye kamati ya akina mama.

Ritah: Msimguse. Sitaki naye awekwe nyuma.

Mzee Yokana: Tumekuelewa. Moses, kama unataka kusemea kinanda chako mwenyewe, mwambie katibu leo akuweke kwenye ajenda. Mimi sitakisemea.

Moses: Nimeshampigia, Mjomba. Ameniweka wa mwisho.

Mzee Yokana: Basi njoo na maneno machache.