Naomba ushauri: omega-3 na neutrofili za panya
Wakuu, naombeni msaada. Nina makundi mawili ya panya wa maabara, moja linakula mafuta ya samaki, jingine ya mahindi. Kisha nawadunga zaimosani (dutu ya ukuta wa hamira inayochochea uvimbe) tumboni na kuhesabu neutrofili, yaani seli nyeupe za damu zinazokimbilia penye uvimbe. Nilitarajia kundi la samaki liwe na chache, kwa kuwa omega-3 iliyomo kwenye mafuta ya samaki hushindana na asidi ya arakidoniki (asidi ya mafuta ya kundi la omega-6), ambayo ndiyo huzaa lukotrieni B4, kemikali inayoziita seli hizo. Hesabu zinalingana!

Kinachonikosesha usingizi ni chakula. Mafuta ya samaki huharibika upesi yakipata hewa, nami nimekuwa nikibadilisha mara moja kwa wiki. Je, nianze upya, nibadilishe kila siku? Au kosa ni kupima saa ya 24 baada ya kudunga pekee? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze, tafadhali.