Dampa ya krenki: ya mpira au ya silikoni?

Swali
Wakuu, nimefungua injini ya Ford 302 (V8) niliyoiongezea turbo, nikakuta mpira wa dampa ya krenki (lile gurudumu la mbele ya krenki linalopunguza mtikisiko) umepasuka, na pete ya nje yenye alama za taiming imehama. Kumbe ndiyo maana alama hizo zilikuwa zinanidanganya wiki nzima! Napeleka injini hadi mizunguko 7,000 kwa dakika. Nichukue ya mpira au ya silikoni (yenye majimaji mazito ndani)? Jamaa mmoja ananishauri nifunge puli tupu ya alumini, eti nyepesi.

Jibu
Puli tupu sahau. Krenki hujipinda na kurudi kila silinda inapowaka, na dampa ndiyo inayomeza huo mtikisiko. Ukiiondoa, krenki yenyewe ndiyo itakayolipa.

Jibu
Kabla ya hayo, mkuu, injini ni ya mwaka gani? 302 za zamani husawazishwa kwa aunsi-inchi 28 (kipimo cha uzito wa ziada kwenye dampa na flaiwili), za baadaye 50, na dampa na flaiwili lazima vilingane. Mimi niliwahi kuchanganya. Usukani ulitetemeka mpaka nikadhani nimeua beringi.

Ya mpira hulenga masafa fulani ya mtikisiko (kasi ya kutikisika), na ukibadilisha krenki au pistoni masafa hayo huhama. Silikoni hufanya kazi kwenye masafa mengi zaidi. Yoyote utakayochukua, iwe na cheti cha SFI 18.1 (kiwango cha usalama cha dampa za magari ya mashindano). Na unapoifunga, usiigonge kwa nyundo! Ivute kwa kifaa chake cha skrubu.

Muulizaji
Nimekagua flaiwili: 50. Pistoni nilishabadilisha, kwa hiyo naagiza ya silikoni. Nyundo nimeshairudisha kwenye boksi.