Bosi kachukua sampuli za WhatsApp, kazichapa mita moja na nusu, halafu ananiambia kazi yangu ina madoa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe.

Kuna bosi mmoja ana lodge, simtaji. Miezi mitatu iliyopita aliniagiza picha nne za kutundika mapokezi. Mimi nachora kwa kuandika kodi (maelekezo ya kompyuta, siyo ya kulipa): nachukua mawimbi ya saini (ile ya hesabu za kidato cha nne, siyo ya kwenye hundi), nayagonganisha, linatoka umbo. Tukakubaliana 800,000, akatanguliza 200,000. Nikamtumia sampuli WhatsApp achague rangi. Vipicha vya upana wa pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 1,200 tu, vya kuangalia kwenye simu.

Baada ya hapo kimya. Mara yuko safarini, mara mhasibu anaumwa. Juzi ananipigia, tena kwa ukali: "Dogo, kazi yako mbovu, ina madoa, wageni wananiuliza." Wageni gani, wakati kazi sijakukabidhi? Naenda pale, nakuta sampuli zangu ziko ukutani, kwenye kanvasi ya mita moja na nusu!

Hebu pigeni hesabu. Pikseli 1,200 ukizitandaza kwenye sentimita 150, kila sentimita inaambulia pikseli 8. Faili langu lina 9,000.

Na hayo madoa sasa. Picha ya kwanza ni pete ndani ya pete: x mara x, jumlisha y mara y, tafuta saini yake. Kadiri unavyotoka katikati pete zinabanana. Zikishabanana kiasi kwamba pete moja haipati hata pikseli mbili, kompyuta inaanza kukudanganya. Inakuletea viduara vya uongo pembeni, mahali ambapo hesabu haikuweka duara lolote. Kwenye faili kubwa nilipambana navyo siku nne, kila pikseli naipima mara 16 natafuta wastani, mpaka pete za mwisho zikafifia zenyewe kuwa kijivu. Kwenye sampuli sikujisumbua, sampuli ilikuwa ya rangi! WhatsApp nayo ikakamua kilichobaki. Kwa hiyo bosi, hivyo ni vizuka, na umevichapisha kwa hela yako mwenyewe.

Nikadai salio. Akacheka. "Si kompyuta ndiyo imechora? Siku hizi AI inatoa hizi bure."

AI gani? Lissajous, Mfaransa, mwaka 1857 alikuwa anamulika mwanga kwenye vioo vilivyobandikwa kwenye vyuma vinavyotetemeka, akapata maumbo ya jamii ileile ya picha yako ya pili. Ben Laposky kule Iowa, Marekani, miaka ya 1950 alikuwa anapiga picha mawimbi kwenye skrini ya oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) na kuyafanyia maonyesho. Nao walitumia AI?

Hiyo picha ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Wimbi moja linavuta kushoto na kulia, lingine juu na chini. Ukiweka 3 kwa 2, yaani moja linatetemeka mara 3 wakati lingine mara 2, mstari unajifunga kwa mzunguko mmoja, unapata kafundo ambako kila anayejifunza anako. Nikajaribu 3.1, mapengo matupu. 3.001, limekuwa doa la wino. Nikaja 3.01: mstari unarudi ulikoanzia lakini haugusi, unapita pembeni kidogo, mizunguko 100 mizima ndipo ujifunge, na hapo umeshajisuka kama ukili. Bibi yangu anayesuka mikeka aliiona kwenye laptop akauliza, "Hii ya miyaa mingapi?" Huyo hajui kuwasha hata hiyo laptop, lakini alijua pa kuuliza.

Mkataba wa karatasi hatukuandikishana, hilo ni kosa langu, msinipigie kelele. Ila meseji zote ninazo, na muamala wa zile 200,000 upo. Aliyewahi kudai salio kwa ushahidi wa namna hii anielekeze nianzie wapi.

Bosi, najua humu unapita. 600,000 zangu. Na ile ya nne, mistari iliyotulia inakaa chini, iliyochafuka juu. Umeitundika kichwa chini miguu juu.