Nyasi bandia au ukoka kwa uwanja wenye mbwa wawili, Tanga

Sahare_Nyumbani:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya bustani. Uwanja wa nyuma ni mita 8 kwa 12, nyumba iko Sahare, karibu na bahari. Kona ya mashariki ina mwembe mkubwa, kivuli chake kinachukua kama robo ya uwanja. Kwingine jua linapiga kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Udongo ni wa kichanga, ukichimba nusu mita unakutana na mawe ya matumbawe. Mbwa ni wa ulinzi, jike na dume, kila mmoja kilo 30 hivi, wanafunguliwa usiku kucha.

Ukoka uliopo umejaa mabaka ya manjano, na kandokando ya ukuta umebaki mchanga mtupu. Muuzaji anashauri nyasi bandia uwanja mzima, anasema ukishatandika umemaliza. Maji ya bomba yapo, kisima pia kipo ila maji yake yana chumvichumvi. Nichague lipi? Na jirani anasema mabaka yanatibiwa kwa chokaa, ni kweli?

Fundi_Bustani:
Mkuu, chokaa usiiguse. Mkojo wa mbwa hauui nyasi kwa ukali wa asidi. Unaua kwa sababu naitrojeni nyingi na chumvi zinamwagwa kwa mkupuo mahali pamoja. Chunguza baka lolote hapo kwako: katikati pamekauka, ukingoni nyasi ni kijani kuliko uwanja wote. Kilichoua katikati kimefika ukingoni kikiwa kidogo, kikawa mbolea. Tena udongo wenu umekaa juu ya matumbawe, chokaa tayari imo. Ukiongeza nyingine, nyasi zinashindwa kufyonza madini ya chuma na zinageuka njano hata pale ambapo mbwa hawajawahi kukojoa.

Jike huchuchumaa akamaliza mkojo wote mahali pamoja. Dume huinua mguu, akagawa kidogokidogo kwenye nguzo na ukuta. Kwa hiyo mabaka ya katikati ya uwanja mengi ni ya jike, na hakuna ugonjwa wowote hapo.

Dawa yake ni maji, na yawahi. Mbwa wa kilo 30 mwenye afya hutoa kati ya mililita 600 na lita 1.2 za mkojo kwa siku, na wako wanautoa zaidi usiku. Alfajiri, kabla jua halijapanda, pita na mpira. Penye dalili ya kulowa mwaga maji mara tatu au nne ya mkojo uliomwagika, jagi moja linatosha kwa doa moja. Ukingoja hadi mchana chumvi imeshakolea kwenye mizizi. Na yawe maji ya bomba. Ukimwagia ya kisima chako unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Mbolea ya kukuzia punguza, ikiwezekana nusu ya unayoweka sasa. Mbwa wanaongeza naitrojeni kila siku, na uwanja ulioshiba tayari ndio unaoungua haraka. Juisi za nyanya na magadi ambayo watu huwalisha mbwa eti kubadilisha mkojo, achana nayo. Mnyama ndiye anayeumia figo na kibofu.

Kuhusu aina: ukoka wa kawaida ndio unaopona haraka kuliko zote kwa sababu unatambaa juu na chini ya udongo, lakini unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe hautakaa, utahangaika bure. Nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zinavumilia kivuli cha wastani na upepo wa bahari, ila zikikanyagwa njia moja kila siku zinachelewa kurudi. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, tafuta paspalamu, ndiyo inayostahimili chumvi. Nyasi za kikuyu zinazopendeza kule Lushoto usiletewe na mtu. Ni za baridi ya milimani, joto la pwani linazidhoofisha.

Kokoto_na_Mteremko:
Mimi kazi yangu ni kutandika nyasi bandia, na bado nasema kauli ya "umemaliza" si sahihi kwa nyumba yenye mbwa. Mkojo haupotei. Unapita kwenye matundu ya kapeti na kukaa chini, bakteria wanaugeuza kuwa amonia, na joto la hapa linaharakisha. Wakati wa masika mvua inasuuza, husikii kitu. Ngoja Januari na Februari, upepo ukitulia jioni utaisikia harufu ukiwa sebuleni.

Kinachoamua ni kilicho chini ya kapeti, na hapo ndipo mafundi wengi wanapobana gharama. Kwa uwanja wako wa mita za mraba 96, tabaka la kokoto la sentimita 10 ni mita za ujazo 9.6, agiza 12 kwa sababu zikishindiliwa zinashuka. Chini kabisa udongo ushindiliwe, utandikwe kitambaa cha kuchujia, kisha kokoto. Juu yake tabaka jembamba la kokoto ndogo za kusawazisha. Usikubali tabaka nene la vumbi la kokoto likashindiliwa hadi likawa kama saruji, maji hayapiti na mkojo unasimama. Kutandika juu ya zege tupu ni vibaya zaidi, zege linanyonya harufu na haitoki. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, upimwe kwa uzi na pima maji, usikadiriwe kwa macho.

Kapeti lenyewe: nyuzi za milimita 25 hadi 30. Zile ndefu za 40 na zaidi zinavutia dukani, lakini zinalala na kushika kinyesi. Geuza mgongo wa kapeti uhesabu matundu, kisha mwagia ndoo ya maji pale pale dukani. Yakisimama, ondoka. Mchanga wa kujazia uwe kidogo sana, na chembechembe za mpira usiweke kabisa, zinaongeza joto na zinashika harufu.

Misumari ya ukingoni iwe ya chuma kilichozamishwa kwenye zinki, kila sentimita 15 hadi 20. Kwa upepo wa chumvi wa Sahare ile ya kawaida inaoza kwa kutu, ukingo unainuka, na mbwa akishapata ukingo wa kung'ata anavuta kipande kizima. Maungio yawe machache: roli nyingi ni za upana wa mita 2 au 4, panga usibaki na vipande vyembamba ukutani.

Halafu kuna ndago. Ncha yake inatoboa kitambaa na kapeti pia. Chimbua viazi vyake vyote kabla ya kutandika, la sivyo utakuwa unang'oa ndago kwenye nyasi za plastiki.

Chini ya mwembe sikushauri hata kidogo. Maua, utomvu na maembe yanayooza yanaganda kwenye nyuzi, na mizizi itainua kokoto.

Tabibu_wa_Mifugo:
Naongezea upande wa afya, maana hapo juu imezungumzwa harufu tu.

La kwanza ni joto. Nyasi bandia kwenye jua kali zinaweza kupita nyuzi joto 60, wakati ukoka wenye unyevu haufiki huko kwa sababu unapoa kwa kutoa mvuke. Nyayo za mbwa zinaungua. Kipimo: weka mgongo wa kiganja juu yake, hesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa asitembee hapo. Kumwagia maji kunapoza, ila baada ya muda mfupi joto linarudi. Mbwa wako wanatoka usiku, hilo linasaidia, lakini kama mchana wanafunguliwa hata kwa saa moja, lazima wawe na kivuli na ardhi ya kawaida ya kulalia.

La pili ni minyoo ya safura ya mbwa. Mayai yanatoka na kinyesi, na kwenye mchanga wenye joto na unyevu viluwiluwi (watoto wa minyoo) wanakuwa tayari kuambukiza ndani ya siku chache, takribani wiki moja. Wanapenya ngozi ya nyayo za watoto wanaocheza pekupeku na kuacha mistari inayowasha. Huo mchanga mtupu wa ukutani kwako, hasa kipindi cha masika, ndio mahali pake. Okota kinyesi kila siku bila kuruka, na mbwa wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wenu. Nyasi bandia nazo hazikuondolei kazi hii.

Kupe: wengi wanabadilisha nyasi wakidhani wanafukuza kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hutagia zaidi kwenye nyufa za kuta na za banda. Ziba nyufa, safisha banda, tibu mbwa.

Na tafadhali, msimwage Jik kwenye kapeti lenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia inatoa gesi inayochoma mapafu, yenu na ya mbwa. Suuza kwa maji mengi, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza tena.

Sahare_Nyumbani:
Nashukuru sana, nimeelewa. Basi nabaki na nyasi za kweli. Ila pale ukutani wanapokimbia na chini ya mwembe nifanyeje? Na nianze lini?

Fundi_Bustani:
Pale ukutani usipande chochote. Mbwa wa ulinzi atazunguka mpaka wake tu, mpe njia. Upana wa sentimita 80 kwa pande tatu za ukuta ni kama mita za mraba 24: weka matofali ya pevingi yenye nafasi kati yake, au kokoto laini za mviringo juu ya kitambaa. Kokoto zenye ncha zinakata nyayo.

Kona moja, mita 2 kwa 3, ifanye choo chao. Chimba sentimita 30, jaza kokoto, hiyo ni mita za ujazo 1.8, na simika nguzo moja kwa ajili ya dume. Iwe mbali na kisima kadiri inavyowezekana, matumbawe yana nyufa na mkojo unashuka upesi. Jioni kabla ya kuwafungua wapeleke hapo kwa kamba, wiki mbili au tatu mfululizo, na kinyesi kidogo kibaki siku za mwanzo ili harufu iwaite.

Chini ya mwembe tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Acha shina lipumue, usilifukie. Pale kivuli kinapoishia panda nyasi za Pemba.

Kwa ukoka zitabaki kama mita za mraba 45. Lima sentimita 15, changanya mboji iliyooza vizuri, sawazisha, panda vipando kwa nafasi ya sentimita 15, ni kama vipando 2,000. Baada ya kushika, bila mvua, unahitaji lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, jumla kama lita 1,100. Gawa mara mbili au tatu ili mizizi ishuke. Ukikata, usishushe nyasi chini ya sentimita 4.

Mabaka ya sasa unayotaka kuokoa: kwangua majani yaliyokufa, mwaga ndoo ya lita 10 polepole, rudia kesho yake, ndipo upachike vipando.

Anza katikati ya Machi mvua zinapoingia, na weka wavu mbwa wasikanyage kwa wiki 8 hadi 10. Wakiingia wiki ya nne kwa sababu panaonekana kijani, watang'oa vyote, mizizi bado iko juu.