Pampu haipandishi maji Uyole: bar 5 ni mita ngapi? Naombeni ushauri

bustani_uyole: Wakuu habari za kazi. Pampu yangu ya nusu HP, kibao chake kinasema H.max 35 m, Q.max 35 l/min. Tenki liko juu mita 18 tu, ila maji hayafiki. Dukani wanasema nichukue ya HP 1, bar 5. Hizo bar ni mita ngapi? Kabichi zinakauka.

Mwl_Fizikia: Bar 1 ni paskali 100,000. Paskali ni nyutoni kwa mita ya mraba, na nyutoni ukiichambua unabaki na vizio vya msingi: kilo, mita, sekunde. Kupata kimo, gawanya presha kwa densiti ya maji (kilo 1,000 kwa mita ya ujazo) mara 9.8. Bar 5: 500,000 ÷ 9,800 = mita 51. Na hizo 35 mbili za kibao, H.max (kimo cha juu kabisa) na Q.max (lita nyingi kabisa kwa dakika), hazipatikani pamoja. Kwenye mita 35 lita ni sifuri. Vijana someni vizio, mtauziwa namba msizozijua.

Soweto_Mbeya: Achana na umeme mkuu, weka sola.

Fundi_Bomba: Pampu imekaa wapi, na maji yako wapi? Hilo hujasema.

bustani_uyole: Iko juu ya kisima. Hadi kwenye maji ni mita 9. Ila zege la kuikalia nimeshamwaga na ile ya HP 1 nimelipia nusu, kwa hiyo tuzungumzie bar.

Mtazamaji: Uzi huu unanukia mtihani. 18, 9, 5, namba zote nzima nzima. Dogo anatafuta majibu.

bustani_uyole: Si mtihani ndugu. Nilishusha kamba yenye jiwe, ikaanza kulowa mita 9 na sentimita kama 20. Nikijaza maji bombani, pampu inapiga kidogo, inatoa mapovu, inakata.

Fundi_Bomba: Mapovu hayo ndiyo jibu. Pampu haivuti maji, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kupanda bombani. Usawa wa bahari hewa ina paskali 101,325, sawa na mita 10.3 za maji. Uyole tuko juu zaidi ya mita 1,700, zinabaki kama 82,000. Gawanya kwa 9,800: mita 8.4, na hujatoa msuguano wa bomba wala mvuke. Kutoka majini hadi kwenye pampu panga isizidi mita 6, wewe una 9. HP 1 ukiiweka hapo hapo itagoma vilevile.

bustani_uyole: Zege sivunji.

Fundi_Bomba: Usivunje. Waombe dukani wakubadilishie, wakupe ya kuzamisha majini. Hesabu yake ni 9 + 18, ongeza 3 za msuguano: mita 30. Tafuta inayotoa lita unazotaka kwenye mita 30, yaani H.max iwe 45 hivi. Waya na kamba viwe virefu, maana mwezi wa kumi maji yatashuka chini ya hapo ulipopima. Na usije ukateremsha injini ya petroli kisimani, moshi wake unaua.

Mwl_Fizikia: Kabla ya kulipa, waombe na mchoro wa pampu unaoonyesha lita kwa kila kimo.