Nimeitazama No Country for Old Men hadi mwisho na nimevunjika moyo. Je, kuna jambo nililokosa?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Wale ambao hawajaitazama filamu hii nawatahadharisha kwamba nitautaja mwisho wake, kwa kuwa malalamiko yangu yote yapo huko.

Kwa miaka mingi nimesikia sifa za filamu hii ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, iliyotoka mwaka 2007 na kutwaa tuzo 4 za Oscar Februari 2008, ikiwemo ile ya filamu bora. Juzi niliitengea usiku mzima, na kwa sehemu kubwa nilikuwa tayari kukiri kwamba sifa zile hazikutosha. Llewelyn Moss, fundi wa kuchomelea vyuma, anakuta maiti za wauza dawa za kulevya katika nyika ya Texas, anachukua mkoba wenye dola milioni 2, na Anton Chigurh, muuaji wa kukodiwa, anaanza kumwandama akiwa na mtungi wa hewa na chombo cha kuulia ng'ombe machinjioni. Pale hotelini, Moss alipokaa gizani akiutazama mwanga chini ya mlango, kivuli cha miguu kikasimama na kisha taa ya nje ikazimwa, nilijikuta nimebana pumzi.

Halafu Moss anakufa, wala hatuoneshwi anavyokufa. Tunafika kwenye moteli ya El Paso pamoja na Bell, sherifu (mkuu wa polisi wa wilaya) anayewafuatilia, wauaji wanatoweka na gari lao, na mtu tuliyehangaika naye tangu mwanzo amelala sakafuni. Aliyemuua si hata Chigurh, bali ni genge ambalo hatumjui mtu wake hata mmoja. Baada ya hapo ni mazungumzo ya wazee, ajali ya gari na ndoto mbili zinazosimuliwa mezani, kisha filamu imekwisha. Nilijiona kama mgeni aliyealikwa karamuni, akanawishwa mikono, sinia likarudishwa jikoni. Naomba walioipenda wanieleze kwa utulivu ni nini walichokiona.

Mzee wa Makorora

Ndugu mleta mada, huzuni yako naielewa, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja tu, kwamba steringi hafi. Ukikaa na sheria hiyo moyoni, kifo cha Moss ni usaliti.

Hata hivyo, rudi mwanzo kabisa. Sauti ya kwanza kusikika si ya Moss wala ya Chigurh. Ni ya Bell, akiwakumbuka masherifu wa zamani ambao baadhi yao hawakubeba hata bunduki. Steringi wa hadithi hii ni yeye, na hadithi yenyewe ni ya mtu anayechelewa. Kumbuka anapoingia nyumbani kwa Moss na kukuta chupa ya maziwa bado inatoka jasho kwa ubaridi: Chigurh ametoka muda mfupi tu uliopita, amekaa kwenye kochi lile lile na kujitazama kwenye kioo cha televisheni ile ile. Bell naye anajimiminia maziwa yale, anakaa, anajitazama. Hivyo ndivyo atakavyokuwa karibu naye na hivyo ndivyo atakavyomkosa. Kule El Paso waongozaji wamekuweka wewe mtazamaji ndani ya viatu vyake, ukachelewa pamoja naye.

Bi Zainabu

Shikamoo Mzee wa Makorora. Maelezo yako ni mazuri, lakini naona yanatuambia kusudi la waongozaji bila kumjibu mleta mada, ambaye analalamikia namna alivyofanyiwa. Filamu imetumia muda mrefu kutufundisha kumjali Moss: jinsi anavyoficha mkoba ndani ya njia ya hewa ya moteli, jinsi anavyorudi usiku kumpelekea maji mtu anayekata roho, kosa la huruma ambalo ndilo linalomponza. Anapokufa hatupewi hata dakika moja ya kumlilia. Nimesoma pia riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2005 iliyozaa filamu hii, na humo nako kifo chake hakisimuliwi moja kwa moja. Ila katika kitabu sauti ya Bell inarudi kila sura, hivyo msomaji anajua mapema anamfuata nani. Kwenye filamu sauti hiyo inasikika mwanzoni kisha inaachwa.

Jambo moja waongozaji wamelifanya vizuri kuliko kitabu. Chigurh ana mchezo wa kurusha sarafu, na anayekosea kutaja upande wake anauawa. Katika riwaya, Carla Jean, mke wa Moss, anakubali kuchagua upande wa sarafu hiyo na anakosea. Kwenye filamu anakataa, anamwambia Chigurh kwamba uamuzi ni wake mwenyewe wala si wa sarafu. Kwangu mimi hicho ndicho kilele, na kinatendeka baada ya wengi kuwa wameshakata tamaa na filamu.

Fundi Sauti

Nitaongeza jambo dogo tu: filamu hii karibu haina muziki. Hofu ya pale hotelini imejengwa na ukimya na sauti ndogondogo. Itazame mahali palipotulia.

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Nawashukuru wote. Jana niliirudia pamoja na kaka yangu, ambaye amestaafu upolisi baada ya miaka mingi ya kazi. Chupa ya maziwa niliiona safari hii, na namkubalia Mzee wa Makorora. Kuhusu Moss bado nasimama na Bi Zainabu, kwani hata nilipojua kinachokuja niliumia vilevile.

Ila tulipofika kwenye ile ndoto ya pili, ambapo Bell anamwona marehemu baba yake akimpita kwa farasi usiku wa baridi, akibeba moto ndani ya pembe ili akauwashe mbele gizani, kaka aliniomba nirudishe nyuma. Tuliisikiliza mara tatu. Kaka hakusema lolote kuhusu filamu. Alianza kunisimulia kituo chake cha kwanza cha kazi, habari ambazo sikuwahi kuzisikia kwake.