Naomba ushauri: masomo ya bure mtandaoni kwa watoto wa wanajeshi Marekani

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani. Tumehamishwa kutoka Fort Bliss, Texas, kuja jimbo la Washington katikati ya mwaka wa shule. Binti yetu wa darasa la tisa amekuta wenzake wako mbali kwenye aljebra. Video za Khan Academy anazielewa, ila akikwama kwenye swali hana wa kumuuliza (hesabu zangu mimi ni za dukani tu). Nasikia Tutor.com ina walimu wa papo kwa papo, bure kwa familia za wanajeshi. Baba yake yuko kazini nje ya nchi, kumpata kwa simu ni bahati. Je, naweza kumfungulia akaunti mwenyewe kwa kitambulisho changu cha mke wa mwanajeshi? Na waliotumia, mwalimu anakubali kufuata kazi alizopewa shuleni?